Kona ya Mwisho Kwenye Chumba cha Kinyozi

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na saba Agosti, saa kumi kasorobo alasiri, katika chumba cha nyuma cha kinyozi. Ukimuuliza seremala kwa nini aliacha shule mapema, atakutajia Jumamosi hiyo. Ukimuuliza kwa nini mgongo unamuuma, au kwa nini mbao za siku hizi zinapinda hata kabla ya kupigwa randa, ataanzia hapo hapo kwa kinyozi, na wewe utakaa kumsikiliza mpaka chai ipoe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kinyozi alikuwa na mashine ya gemu na kaseti moja tu, ya wanyama wanaoendesha vigari, ambao wakichoka kukimbizana hulipuana. Watoto wa mtaa walijazana humo kama njiti ndani ya kiberiti. Seremala, wakati huo kijana wa magoti yenye vidonda, alikuwa Punda. Mtoto wa karani, yule wa viatu vinavyong'aa hata siku ya matope, alikuwa Chura. Wa tatu alikuwa binti wa kinyozi mwenyewe, na huyo alikuwa Kuku. Ndiye aliyekuja kuwa mke wa seremala, Mungu amrehemu.

Jumamosi ile kinyozi alitangaza kwamba atakayeshinda atakabidhiwa ufunguo wa chumba likizo nzima. Punda akaongoza tangu mwanzo. Akafika kona ya mwisho, mstari wa kumalizia anauona kwa macho yake, mara puu! Punda akarushwa juu, akatua chali, magurudumu yakizunguka hewani kama miguu ya mende aliyepuliziwa dawa. Seremala hakuuliza swali. Aligeuka akamtandika Chura ngumi ya mdomo. Walibiringishana chini mpaka kinyozi akaingia na mkanda, na seremala akapigwa marufuku kukanyaga pale. Mtoto wa karani alipewa maji ya kusukutua na kiti cha kukalia.

Hakusahau. Na dunia nayo ilimsaidia asisahau, maana Chura alikua, akasoma, akapandishwa cheo juu ya cheo mpaka akawa mkuu wa ofisi ya maji. Chura, mkuu wa maji! Na mabomba ya mtaa makavu kama koo la mlevi asubuhi.

"Ndivyo wakubwa wanavyoanza," seremala aliwaambia wateja wake huku akipiga msasa. "Kwanza wanakulipua kwenye katuni. Ukinyamaza, wanakukatia maji."

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo, siku binti yake wa pekee alipoingia karakanani, akasimama juu ya maranda, akaanza kuvutavuta kidole. Binti huyu ni fundi simu, ana meza yake ya kioo pale njia panda, na mdomo wake haujawahi kumwangusha mbele ya mteja. Siku hiyo ulimwangusha.

"Baba, wazazi wa mwenzangu wanataka kuja kukuona."

"Waje. Ni akina nani?"

"Mama yake ni mshonaji. Baba yake..." Akakivuta kidole tena. "Baba yake yuko ofisi ya maji."

"Anafagia?"

"Hapana, baba."

"Anasoma mita?"

"Baba, ndiye mkuu wao."

Randa ilisimama katikati ya ubao.

Seremala hakuwa na neno baya kuhusu mchumba mwenyewe. Kijana alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mpole, anasalimia kwa mikono miwili. Kwamba anawahisha watu hospitali halafu wakifika wanaambiwa dawa hakuna, hilo si kosa lake, ni la wale wanaokaa ofisini kwenye viti vinavyozunguka. Kosa la kijana lilikuwa moja tu, nalo ni baba.

"Sitoi mtoto kwa Chura."

"Unakataa ndoa yangu kwa sababu ya katuni?"

"Si katuni. Ni dhuluma."

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba tangu mama wa nyumba aondoke, vikombe vinavyooshwa kila jioni vilibaki viwili tu, na kimoja sasa kinataka kuhamia kwa Chura. Mtu anaweza kuibiwa ufunguo akavumilia. Lakini hili la pili, na mwizi yule yule, nani angelimeza?

Binti hakubishana. Alijua baba yake ni mbao ngumu, ukiigongea msumari kwa hasira unapinda msumari. Alikwenda kwenye kabati la marehemu mama yake, akaitoa mashine ya kinyozi iliyokuwa imeviringishwa ndani ya shuka, akaifungua kwa bisibisi yake ndogo, akaisugua shaba ya ndani kwa spiriti, akaipuliza kaseti kama mtu anayewasha jiko. Jioni yake aliiweka mezani mbele ya baba.

"Mnarudia mbio," alisema. "Ukishinda wewe, namwambia mwenzangu basi. Akishinda yeye, unatubariki, na Jumamosi hiyo hatuisikii tena humu ndani."

Seremala alilitazama lile dude kama anayemtazama ndugu aliyerudi kutoka jela.

"Iwe kama siku ile ile," alisema. "Punda, Chura na Kuku. Kuku akikosekana, kesho utasikia mbio zilikuwa batili. Wakubwa nawajua mimi."

"Na Kuku awe nani?"

"Wewe. Si mtoto wa mama yako?"

Basi Jumapili Chura akaja, amevaa koti, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni, tumbo limemtangulia kama msafara. Mwanawe alikuja nyuma yake. Mama mshonaji alibaki nyumbani. Alisema hawezi kuharibu Jumapili yake kutazama wazee wakigombania vigari vya kuchora.

"Karibu, mheshimiwa," alisema seremala, na hilo "mheshimiwa" alilitoa kama mtu anayetema kokwa. "Ningekupa maji ya kunywa, lakini hali unaijua mwenyewe."

"Mzee mwenzangu, bomba kuu linafanyiwa matengenezo."

"Tangu huyu binti anaota meno?"

Kijana wa gari la wagonjwa alikohoa. Binti akawasha runinga haraka.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Runinga ya kinyozi ilikuwa nyeusi na nyeupe. Utoto wao wote waliuchezea ndani ya rangi ya moshi, na kila mmoja alijipakia mnyama wake rangi aitakayo kichwani. Punda wa seremala siku zote alikuwa mweusi, wa kutisha. Runinga ya binti ilikuwa ya rangi. Skrini ikajigawa vipande, na katika kipande cha kwanza akatokea punda wa rangi ya waridi. Waridi kabisa, na utepe umefungwa mkiani.

"Huyu ni nani?" aliuliza seremala.

"Ni wewe, baba."

"Ibadilishe hiyo runinga."

"Runinga ni nzima, baba. Wewe ndivyo ulivyo."

Mheshimiwa alicheka mpaka miwani ikagonga vifungo vya koti. Kisha kikaja kipande chake: chura wa zambarau, amefungwa kitambaa cha mtoto cha kulia uji.

"Sasa cheo chako kimeonekana," alisema seremala, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe alijikuta amekenua.

Mbio zikaanza. Pedi ya kuchezea ilipotelea ndani ya viganja vya seremala, vidole gumba vyake vikibonyeza vitufe vitatu kwa mpigo. Kila kona aliyokata mkononi aliikata na mwilini pia, mpaka kiti kikalia. Mheshimiwa naye alikuwa akikanyaga sakafu kutafuta breki. Walipopita daraja la kwanza walikuwa wazee wa heshima zao; walipofika la pili walikuwa wanapigana viwiko.

"Usinichungulie upande wangu!"

"Nani akuchungulie? Upande wako una nini, zaidi ya utepe?"

"Baba, unarudi nyuma," alisema yule kijana dereva, akishindwa kuvumilia. "Geuza, baba. Mshale unaelekea kule."

"Sirudi nyuma. Natathmini hali."

"Mmesikia!" alipaza sauti seremala. "Mmesikia lugha yao! Miaka yote hii mabomba yanatathminiwa!"

Mheshimiwa akabonyeza kitufe kwa hasira. Chura akavimba mashavu, akatema. Kipande cha seremala kikajaa tope la kahawia, haoni mbele wala nyuma. Seremala akanyanyuka, akaenda kuifuta runinga kwa mkono wa shati.

"Baba, kaa! Linatoka lenyewe!"

Likatoka lenyewe. Na Punda, sijui kwa bahati ya nani, alikuwa bado barabarani, bado anaongoza. Chura alikuwa ametumbukia kisimani na kila alipopanda ukuta aliteleza tena. Kuku alikuwa nyuma kidogo, anakwenda zake taratibu pembeni, hana makuu, hakuna anayemtazama. Akampita Punda pale penye majani marefu, akatangulia kwenye kona. Seremala hakumwona. Macho yake yalikuwa kisimani kwa adui.

Kona ya mwisho. Mstari ule pale. Puu!

Punda akaruka na utepe wake, akatua chali, magurudumu yakizunguka.

"Mmeona!" Seremala alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Mmeona wenyewe kwa macho! Vile vile! Pale pale! Mtu habadiliki hata akivaa koti!" Na ngumi ilikuwa imeshapanda hadi usawa wa bega, ngumi ya mtoto ndani ya mkono wa mzee, pale alipomwona mheshimiwa ameinua mikono yote miwili juu, pedi imelala mapajani.

"Mimi niko kisimani," alisema mheshimiwa.

Kweli, alikuwa kisimani. Katika kipande cha tatu Kuku alikuwa anavuka mstari, manyoya na nyota zikimmwagikia.

"Ni yai langu, baba," alisema binti, kwa sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa majibu yake. "Kuku anataga mayai barabarani. Yakikanyagwa yanalipuka. Chura hana bomu."

"Analo."

"Hana. Mwache ajaribu."

Mheshimiwa akabonyeza kitufe cha kwanza, tope. Cha pili, honi. Vyote kwa pamoja, tope na honi. Seremala akampokonya pedi, akabonyeza mwenyewe, akaigeuza, akaitikisa. Tope. Kwenye runinga ya kinyozi, tope, yai na moshi vyote vilikuwa kijivu kimoja, na kijana wa magoti yenye vidonda hakuhitaji kujua zaidi ya viatu vya nani vinang'aa.

Seremala akaketi kwenye kiti cha binti, maana chake kilikuwa chali kama Punda.

Siku ile wavulana wawili walipokuwa wakibiringishana sakafuni, binti wa kinyozi hakupiga kelele, hakukimbilia mkanda wa baba yake. Alibaki ameketi na pedi mkononi. Likizo ile yote alikuwa na ufunguo. Seremala alilijua hilo, alilijua miaka yote, ila alidhani mtoto wa mwenye chumba lazima awe na ufunguo. Na kila alipoisimulia Jumamosi ile, mbele ya wageni, mbele ya wateja, hata wiki ya mwisho hospitalini alipomlaumu Chura pembeni ya kitanda cha mgonjwa, mke wake aligeuka upande, akajiziba mdomo kwa shuka, mabega yakimtetemeka. Seremala alimpigapiga mgongoni akisema, "Usilie, mke wangu, Mungu anaona." Aliamini kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kuuonea uchungu mkosi wake kama mwanamke yule.

"Alikuwa anacheka," alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu.

Binti alimshika bega. "Kwa hiyo, baba? Hujashinda wewe, hajashinda yeye. Lakini dhuluma hakuna. Unatubariki?"

Seremala akavuta pumzi ndefu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alikuwa ameshaanza hata kunyoosha mkono kwa yule kijana.

"Subiri kwanza," alisema mheshimiwa.

Alikuwa amevua miwani. Akaingiza vidole viwili mdomoni, akavuta, akatoa jino la mbele, akaliweka juu ya meza kando ya kaseti.

"Hili ni la kubandika," alisema, na maneno yakimtoka na upepo. "La kwangu nililimeza Jumamosi ile. Nimehutubia mikutano na jino la plastiki. Nimeoa na jino la plastiki. Nilijisemea, labda kweli nilimkosea, labda nilibonyeza bila kujua, watoto ni watoto. Kumbe sikubonyeza! Nimepigwa bure, nimevumilia bure, halafu leo nimepanda ngazi zenu kuja kuomba radhi na binti kwa mpigo mmoja. Mimi mwanangu aingie katika ukoo unaopiga watu bila ushahidi?"

"Baba!" alisema dereva.

"Nyamaza. Sikubali."

"Kwani ofisi yako inapokata maji huwa inaleta ushahidi?" Seremala alikuwa amesimama tena.

"Usichanganye mambo!"

"Na usinikatalie mtoto wangu ndani ya nyumba yangu! Mtoto wangu ana kasoro gani? Taja! Ana kazi, ana adabu, anakushinda hata kwa gemu! Unamkataa wewe kama nani?"

"Si wewe uliyemkataa wangu?"

"Nilimkataa kwa sababu! Wewe unamkataa kwa jino!"

"Basi na mimi nina sababu. Ile pale mezani!"

Walikuwa wamesimama pua kwa pua, mmoja na vumbi la mbao masikioni, mwingine na pengo, na nyuma yao ile mashine ilikuwa ikipiga muziki wake wa kusherehekea bila kuchoka. Binti akainama, akaizima. Akamtazama mchumba wake, mchumba wake akatazama dari. Akawatazama wale wazee, mmoja baada ya mwingine.

"Haya, nielezeni polepole," alisema, "maana mimi nimeshapotea. Sasa hivi, hapa tulipo, anayekataa ni nani?"