Bunduki ya Marehemu Fulgence

Mwezi wa tano mwaka 1997, barua ya mahakama ilifika Lizaboni, mjini Songea, ikimtaka Aurelia aende kuchukua bunduki yake. Kesi ilikuwa imekwisha, kielelezo hakihitajiki tena, na kwa kuwa kibali kilikuwa kwa jina lake, mali irudi kwa mwenyewe. Aurelia aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja na kuifutika kwenye misale yake ya kanisani. Kisha akaketi juu ya kinu alichokuwa amekipindua, akakaa hapo mpaka jua likahama ukutani.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobore, ile ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, aliyoiacha mumewe Fulgence alipofariki. Fulgence alikuwa akiitumia shambani Maposeni, mahindi yanapoanza kubeba na nguruwe pori wanapoanza kushuka kutoka msituni. Ukoo wake wote kule ulitegemea mlio wa bunduki ile. Alipokufa, Aurelia alihangaika ofisini mpaka kibali kikaandikwa jina lake, ili wakwe zake wasije wakasema mjane kawaachia wanyama mahindi. Aliitundika chumbani kwake, na baruti akaiweka kwenye kopo la kakao uvunguni mwa kitanda. Hakuwahi kufikiria kuifungia. Nani hufungia jembe?

Mwanawe wa pekee, Rupert, alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari ya mjini. Mwaka uliotangulia alisingiziwa kuiba redio ya mwalimu, akachapwa viboko mbele ya shule nzima na kurudishwa nyumbani. Redio ilionekana baadaye kwa mtu mwingine, lakini hakuna aliyekuja kumwita arudi. Rupert alikaa wiki nzima bila kusema neno, chakula anakigusa tu na kukiacha. Jumanne moja, mama yake alipokwenda Maposeni kupalilia, alitungua bunduki, akaivingirisha kwenye gunia, akaenda nayo shuleni. Mahakamani alieleza kwamba alitaka tu mwalimu yule aogope, aseme mbele ya watu kwamba alikosea. Mwalimu alipoiona alikimbia. Bunduki ikalia. Vipande vya chuma vilimpata Dorine, msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa akipeleka ndoo ya maji ofisini kwa walimu. Hakuufikia mchana.

Dorine alikuwa kitindamimba wa Hilda. Na Hilda alikuwa ameimba kwaya bega kwa bega na Aurelia kwa miaka kumi na minne, wote sauti ya pili.

Rupert alifungwa miaka kumi na miwili kwa kuua bila kukusudia.

Tangu siku ile hakuna aliyemtukana Aurelia, wala hakuna aliyemrushia jiwe. Watu walimwacha tu. Bombani walimpa zamu yake bila neno, ndoo yake ikijaa wanasogea. Kanisani alihamia benchi la mwisho, na pale waumini wanapotakiana amani, waliokuwa mbele yake waligeukia upande wa pili. Kilichomuuma kuliko vyote ni kidogo mno hata akaona haya kukisema. Kwa miaka kumi na saba alikuwa Mama Rupert. Sasa watu hawakujua wamwiteje, basi hawakumwita.

Aliyebaki ni Zulfa tu. Zulfa alikuwa Myao wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Aliikimbia vita ya kwao na kuishi Tunduru miaka mingi. Vita ilipokwisha alirudi, na kwa kuwa biashara sasa ilikuwa ruksa kwa kila mtu, akaanza kuleta mitumba soko la Songea. Kila alipokuja alipanga chumba cha uani kwa Aurelia. Baada ya yale mambo kutokea, wenzake wa sokoni walimshauri ahame. Hakuhama. Jioni angetoka uani na kanga yake begani, aulize, "Mama Rupert, umekula?" Na kama hajala, angewasha moto mwenyewe.

Aurelia alikwenda mahakamani na kusaini. Karani alimkabidhi bunduki ikiwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye kitako, chenye namba ya kesi. Aliifunga kwenye kanga mbili, akatembea nayo mjini mchana kweupe, na ingawa hakuna aliyejua amebeba nini, alihisi kila dirisha linamtazama. Nyumbani hakuitundika. Aliilaza sakafuni jikoni, chumbani hakutaka kulala nayo.

Habari zilifika Maposeni kabla ya wiki kwisha. Shemeji yake Egidi, mdogo wa Fulgence, alikuja kwa baiskeli na kuku mmoja wa zawadi. Alimsalimu vizuri, akauliza habari za Rupert, kisha akaingia kwenye lililomleta. Ukoo unaomba urudishiwe bunduki. Mwaka huu nguruwe wamezidi, bei ya mbolea haishikiki, na kidogo kinachoota hakiwezi kuachwa kiliwe. Yeye Egidi tayari amepeleka maombi polisi ili kibali kihamie kwake. Akaeleza pia kwamba baada ya tukio la shuleni, polisi waliwaita wenye magobore wote, wakawataka wayalete yatunzwe kwenye ofisi ya kata na kuchukuliwa kwa ruhusa tu, na mkutano mzima ulikataa. Nguruwe hasubiri mtu afungue ofisi.

"Bunduki haina kosa, shemeji," alisema Egidi. "Kosa ni la mtoto. Naomba unielewe."

Aurelia alimjibu kwamba hata yeye alikuwa akisema hivyo, na kwamba atafikiri. Kisha, kwa sababu ndilo lililokuwa moyoni, akamweleza aliyoyasikia kwa Zulfa: kwamba kule ng'ambo watu wanazitoa bunduki zao kwa hiari, wanapewa majembe na baiskeli, na bunduki zinakatwa.

Egidi alicheka kidogo, si kwa ubaya. Alisema watu wa kule walichinjana miaka na miaka, ni haki yao kuzichukia. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi hatujaumwa. Huku kwetu hakujapiganwa vita tangu enzi za babu zetu."

"Hatujaumwa, shemeji?" Aurelia aliuliza. "Na Dorine?"

Egidi aliinamisha kichwa. Aliaga, akamwachia kuku, na alipokuwa akipanda baiskeli alisema atarudi baada ya wiki mbili na wazee.

Jioni ile Aurelia alimtaka Zulfa amsimulie upya. Zulfa alikuwa akikunja mashati ya mitumba, akasimulia huku mikono ikiendelea. Lori lilifika kijijini kwao, likasimama karibu na msikiti. Siku ya kwanza hakuna aliyesogea. Siku ya pili bibi mmoja alileta bunduki aliyoikuta kwenye shamba lake la mihogo, akapewa majembe matatu. Ndipo wanaume wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengine wamezichimbua chini ya maghala. Mume wake, Abdul, alileta yake akapata cherehani. Vijana wawili walikaa kivulini wakikata mitutu kwa msumeno kutwa nzima, na watoto wakiangalia.

"Na wote walizitoa?" aliuliza Aurelia.

Zulfa aliliweka shati juu ya mengine. "Nisikudanganye. Kaka yangu alitoa moja akaficha moja. Amani ilikuwa changa, watu waliogopa. Lakini ile moja iliyokatwa, ilikatwa. Hiyo haitaua mtu tena, inshallah."

Kesho yake Aurelia alikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyeshughulikia silaha alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Alisema anaweza kuisalimisha, lakini itatunzwa pale kwa sababu kuna maombi ya mtu wa ukoo, na mwombaji akitimiza masharti huenda akapewa. Aurelia alimshukuru. Njiani, karibu na soko, alisimama kwa fundi baiskeli aitwaye Pankrasi, akaazima msumeno wa kukatia chuma. Pankrasi alimtazama, akaufuta msumeno kwa tambara, akampa.

Walikata uani, Jumatano asubuhi. Zulfa aliulaza mtutu juu ya jiwe la kusagia, akaukanyaga kwa mguu. Aurelia akashika msumeno. Chuma kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, meno yaliteleza, mara mbili alijikwaruza vidole. Alikumbuka siku Fulgence alipomfundisha Rupert kushindilia baruti, mtoto akiwa na miaka kumi, ulimi umetoka pembeni kwa umakini, na yeye mama mtu alivyosimama akitabasamu kwa fahari. Alikata huku analia, na hakujifuta. Kipande cha kwanza kilipodondoka alitaka kuacha, lakini Zulfa akamwambia wahunzi hawashindwi kuunga mtutu uliokatwa mara moja, lazima vipande viwe vitatu. Vikawa vitatu. Kitako walikipasua kwa shoka.

Alivipeleka polisi kwenye kikapu. Afisa yule alivitoa kimoja kimoja, akavipanga mezani.

"Mama, hili ni kosa. Ungeileta nzima."

"Nzima ingetoka tena," alisema Aurelia.

Alikaa kituoni mpaka saa kumi. Waliandika maelezo yake, wakashauriana ndani, mwisho wakafuta kibali, wakamwonya na kumpa karatasi. Alirudi nyumbani kwa miguu.

Egidi alikuja na wazee wawili kama alivyosema. Hawakuketi. Mmoja wa wazee alimwuliza kama ni kweli, naye akasema ni kweli. Wakamwambia kwamba bunduki ilikuwa ya ukoo, yeye alikuwa ameshikishwa tu, na kwa kuwa ameamua peke yake, basi na awe peke yake. Mwaka ule nguruwe waliingia Maposeni, wakala mahindi ya Egidi, wakala na ya Aurelia, na kila aliyepita karibu na shamba alijua ni nani wa kulaumiwa. Alikwenda mwenyewe kuokota yaliyobaki, gunia moja na nusu. Palikuwa na wanawake wa ukoo wakivuna ng'ambo ya mfereji, watu aliokuwa akibadilishana nao mbegu, na kutwa nzima hakuna aliyenyoosha mgongo kumwangalia.

Zulfa naye aliondoka. Mume wake alikuwa na nguo nyingi za kushona kwa cherehani ile kuliko alivyoweza peke yake, na safari za Songea zilikuwa zimemchosha. Walikumbatiana stendi ya mabasi. Zulfa alimwambia aje ng'ambo siku moja amtembelee, na wote wawili walijua kwamba hataweza.

Jumapili ya kuwaona wafungwa, Aurelia alimweleza Rupert. Kijana alikuwa amekonda, sauti imekuwa nzito. Alisikiliza, akatazama mikono ya mama yake, akaviona vidole vyenye makovu.

"Ungenisubiri, mama," alisema. "Ningeikata mimi."

Muda ukaisha, askari akawaita.

Mwezi wa kumi, mchana mmoja wa joto kabla ya mvua za kwanza, mlango wa mbele uligongwa. Aurelia alikuwa amebandika maji ya ugali. Alifungua akamkuta Hilda, amevaa nguo nyeusi bado, mkono umeshika mwimo wa mlango kana kwamba njia ilikuwa ndefu, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na mitaa miwili tu. Aurelia alimkaribisha. Hilda alitikisa kichwa, akabaki pale pale.

"Sijakusamehe," alisema. "Najaribu, sijaweza. Padre ananiambia niombe, naomba, sijaweza. Nimesikia uliikata."

"Niliikata."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Hilda alitazama chini. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayehesabu. "Nilitaka nisikie kwako," alisema. "Watu wanasema mengi."

Aligeuka, akashuka mtaani polepole, akipitia upande wenye kivuli. Aurelia alisimama mlangoni akimfuata kwa macho mpaka alipokata kona penye duka, na hata baada ya hapo alisimama. Nyuma yake maji yalikuwa yakichemka. Alirudi jikoni, akatia unga, akasonga ugali wa mtu mmoja, na kwa kuwa mlango aliuacha wazi, alisikia watoto wa shule wakipita barabarani, wanarudi nyumbani, wanabishana juu ya jambo fulani la mpira.