Kitambaa cha Pete za Fedha

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Jumba moja la makumbusho Amsterdam lilikuwa linafungua maonyesho ya picha za kale siku ya Keti Koti, siku ambayo sisi watu wa Suriname tunakumbuka kukatwa kwa minyororo ya utumwa. Wakataka kwaya ya shangazi yangu Josefien iimbe, tena ivae kitambaa walichokichapisha kwa ajili ya siku hiyo. Kila jambo letu kubwa lina kitambaa chake, kwa hiyo sikushangaa. Fundi cherehani ni mimi. Nikashona magauni ya koto, vazi la bibi zetu wa Suriname, yenye marinda mapana, nikakunja na vilemba. Kitambaa kilikuwa cha buluu, kimejaa vipete vya rangi ya fedha, kila kimoja kikining'iniza kitu kama tone. Hereni hizo, nikawaambia wanakwaya. Wakasema safari hii Iwan kashona kama mtu aliyeshiba.

Tulifika mapema. Shangazi hajui kukaa akisubiri, akaingia ukumbini kutazama picha, mimi nyuma yake nimembebea mkoba. Akasimama mbele ya ile kubwa kuliko zote. Bibi tajiri wa Kiholanzi kakaa, binti yake kamwegemea gotini, na pembeni, kwenye giza, msichana mweusi anawanyooshea sahani ya matunda. Shingoni mwake pana pete nene ya fedha. Chini ya pete, kufuli dogo.

Shangazi alilitazama lile kufuli, kisha akautazama mkono wa gauni lake, uliojaa vile vipete na matone yake.

"Umetuvisha hii, Iwan?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimekaa wiki nzima nikiwapimia mama zangu minyororo, nikipiga mluzi.

Wanakwaya wakaitwa, wakajionea. Mmoja alianza kufungua kilemba palepale. Bwana Terpstra, msimamizi wa maonyesho, akaja mbio kwa sababu wageni walikwishakaa na waimbaji hawaonekani. Shangazi akamwambia hakuna wimbo. Akamwambia pia kwamba aliyechora picha ile alijua kung'arisha hariri ya bibi, na hakuona haya kuling'arisha kufuli vilevile. Terpstra akajibu kwa upole, upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba mchapaji alichukua tu umbo zuri kutoka pichani. Kwamba enzi zile lile lilikuwa pambo, na watumishi wa namna hiyo walilelewa kama watoto wa nyumbani.

"Huyu alipendwa, mama," akasema. "Mtu humvishi fedha halisi kama humpendi."

Shangazi akamwonyesha yule binti aliyeegemea goti, shingo yake nyeupe haina kitu.

"Na huyu aliyemzaa mwenyewe, mbona hakumpenda kiasi hicho?"