Tamko Binafsi la Mheshimiwa Malte

Malte Onken aliingia Bungeni Berlin akiwa na miaka ishirini na sita, suti ya kijivu na raba nyeupe. Magazeti yaliziandika sana zile raba. Wazee wa chama walizitazama kwa furaha wakasema huyu ndiye sura ya kesho. Alijiunga na umoja wa vijana wa chama kabla hajaota ndevu, akasomea siasa, akambebea mbunge mmoja mkoba. Mbunge yule alipostaafu, mkoba ukabaki mkononi mwa Malte na kiti kikaufuata mkoba.

Mimi, Fenja, nikawa wa kumbebea yeye, maana ndiyo ngazi yenyewe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na niliamini, naamini hata sasa, kwamba bunge ni mahali mtu anaposimama akawasemea waliomtuma. Mnaruhusiwa kucheka.

Waliomtuma Malte ni watu wa Hollersiel, mji wetu mdogo wa kaskazini, ambako upepo una haki nyingi kuliko wakazi. Kwenye kampeni aliwaahidi jambo moja tu, na hilo nalo ni kwa sababu mkunga Gesche Behrends alimshika mkono sokoni, mbele ya muuza samaki, akakataa kuuachia.

"Malte mwanangu, nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu, ukamtesa mama yako mpaka kunakucha. Wakiifunga wodi yetu ya wazazi, mwanamke wa namna ile atajifungulia barabarani, gari limekwama nyuma ya trekta. Utawazuia?"

"Nitawazuia, mama Gesche."

"Sema kwa sauti, huyu wa samaki naye asikie."

Akasema kwa sauti. Watu wakapiga makofi, mimi nikapiga video.

Mwaka uliofuata muswada ukaja. Uliitwa Muswada wa Kusogeza Huduma Karibu, kwa hiyo tulijua mara moja kwamba utafunga kitu. Ulizifunga wodi ndogo zote za wazazi, na ya Hollersiel ikiwemo.

Kwetu mbunge yuko huru kabisa. Katiba inasema hafungwi na yeyote ila dhamiri yake. Ndiyo maana kila Jumanne alasiri dhamiri zote za chama hukusanywa chumba kimoja, zikaelezwa zinataka nini. Jumanne ile mnadhimu wa chama, Lothar Dreyling, mtu mpole mwenye peremende mfukoni, alitufuata hadi kwenye lifti.

"Malte, mdogo wangu, hakuna anayekulazimisha," alisema. "Kama moyo unakutuma, piga hapana. Ila orodha ya wagombea mwakani itakuwa na msongamano, na mimi nisingependa jina lako likanyagwe."

"Lakini niliwaahidi watu wa kwetu."

"Sasa si uandike tamko binafsi! Peremende?"

Tamko binafsi ni uvumbuzi mzuri sana. Mbunge anapiga kura ya ndiyo, kisha anakabidhi karatasi inayoeleza kwamba moyoni alikuwa hapana. Karatasi huchapishwa kwenye kumbukumbu za Bunge, ikalala hapo kwa amani na wenzake.

"Malte," nilimwambia ofisini, "kadi nyekundu ya hapana iko palepale kando ya ile ya bluu ya ndiyo. Uzito wake ni uleule."

"Fenja, wewe bado mbichi. Nikikosa kiti nitawasaidiaje?"

"Na ukiwa nacho unawasaidiaje?"

Alifikiri kidogo. "Niandikie tamko. Litie machozi, lakini yasizidi."

Nikaliandika. Malte alitumbukiza kadi ya bluu, muswada ukapita, na jioni akalitangaza tamko mtandaoni pamoja na picha yake akitazama dirishani kwa huzuni. Wodi ya Hollersiel ilifungwa majani yalipoanza kudondoka.

Majira ya baridi yakaja, na wanachama wa Hollersiel wakatakiwa kuchagua mgombea wao. Kwa siasa peke yake wasingetoka nyumbani, kwa hiyo mkutano uliunganishwa na matembezi ya sukuma wiki, desturi yetu ya kila majira ya baridi: mnaburuta mkokoteni wa pombe kali kwenye baridi, mnabiringisha mipira barabarani, kisha mnaingia ukumbi wa baa kula sukuma wiki iliyopikwa kutwa nzima na soseji.

"Wakishiba watanipa kura," Malte alininong'oneza. "Kwanza nani mwingine yupo?"

Gesche akasimama, mashavu mekundu kwa baridi.

"Mheshimiwa, tamko lako tumelisoma. Mimi nililia. Hata huyu wa samaki alilia, na huyu msiba wa mkewe aliupitisha bila chozi."

"Nilikuwa na mafua!" muuza samaki alipaza sauti.

Malte akainamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi.

"Basi nasi tumekuandikia lako." Gesche akavaa miwani. "Sisi wanachama tunatamka kwamba Malte ni kijana mwema. Uamuzi huu umetuumiza mno. Mioyo yetu yote iko naye. Kura, kwa masikitiko makubwa, tunampa mkunga."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hata hivyo kura zilipigwa kwa siri, kama sheria inavyotaka, na zilipohesabiwa, masikitiko yalikuwa makubwa kweli.

Malte alinivuta nje ya ukumbi hadi penye makoti. "Haraka, Fenja. Tunatoa taarifa gani?"

"Hakuna taarifa. Rudi ndani."

"Niseme nini?"

"Sijui. Mimi sijaandika kitu."

Akarudi, akakaa mbele ya Gesche. Gesche alimsogezea sahani.

"Kula, imepoa."

"Niliogopa, mama Gesche," Malte alisema. "Ile kadi nyekundu nilikuwa nayo mkononi. Niliogopa tu."

Gesche alimtazama kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kupitia tumbo la mama.

"Ndiyo," akasema. "Hilo sasa nimelielewa. Mke wa Hinrich kule shambani anakaribia kujifungua, na hospitali iliyobaki ni mbali. Nikimhudumia kwenye kiti cha nyuma, nahitaji mtu wa usukani. Unaendesha?"

"Naendesha."

"Barafu je?"

"Naogopa, lakini naendesha."

"Basi hiyo soseji imalize," Gesche alisema, "na hiyo glasi iache."