Vanishi ya Mabawa

Mume wangu Januarius ni fundi mzuri, lakini mdomo wake hauna breki. Alipopunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kiinua mgongo chote alikimalizia kwenye kreti iliyoshushwa stesheni ya Malampaka: ndege ya kuunga mwenyewe, ikiwa vipande vipande. Siku hizi ni ruksa, aliniambia, wanunuzi binafsi wa pamba watamlipa awapitishe juu ya mashamba. Pikapu yetu ikalala nje, ndege ikaingia gereji.

Mabawa yalitakiwa kuvikwa kitambaa, na kitambaa kukazwa kwa vanishi. Mama mkwe wangu, mayu Milembe, ana mkono wa kushona usio na mwenzake hapa Bariadi. Akashona, akapaka, milango ikiwa imefungwa ili vumbi lisinate. Vanishi ile ilikuwa inachoma macho kuliko kitunguu. Muda si mrefu macho yake yakawa mekundu, na kwetu Usukumani mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kosa lingine ili aitwe mchawi. Nilimsihi aache. Alicheka tu.

Sasa Januarius naye, kilabuni, mbele za watu: "Mabawa ananishonea mama. Na atakayeruka wa kwanza ni yeye!"

Alidhani anatania. Wenzake wakaacha kunywa.

Kesho yake asubuhi akaondoka kwenda Nyashimo kutafuta boliti. Hakuwa amefika mbali alipoingia Mashimba, jirani yetu mfugaji ambaye ndama wake walikuwa wanakufa mfululizo, na nyuma yake wanaume wenye mapanga. Hata salamu ya asubuhi, "mwangaluka", hakunipa. Mayu alikuwa gereji anapaka, hana habari.

"Mtoe huyo bibi," alisema Mashimba. "Macho yake tumeyaona. Na kwamba anaruka, mwanae kasema mwenyewe."

"Ni vanishi ya ndege, shemeji."

"Vanishi gani ya kula ndama?"

Hasira ilinipanda. "Basi ingia. Ingia peke yako, nikufungie, uone inavyofanya macho."

Wenzake wakamtazama, asiweze kukataa. Alipoingia nikafunga, nikaegemeza mgongo mlangoni, ndipo akili ikanirudia: nimemfungia mayu pamoja na mtu mwenye panga. Nikamsikia mayu akimsalimia kama mwanawe, "Mwangaluka, ng'wanawane." Kisha kukohoa. Dakika zikapita, na mimi naomba Mungu kwa kila jina ninalolijua.

"Mbona hatoki?" aliuliza Bundala, mdogo wake Mashimba, akisogea na panga mkononi. "Huyo bibi kamfanya nini kaka?"

Nilifungua kidogo nikajipenyeza ndani, nikaurudishia mlango. Mayu alikuwa mzima, brashi mkononi. Mashimba alikuwa ameketi chini ya bawa, panga sakafuni, machozi yanamtiririka. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pembeni cha pikapu ambacho Januarius alikuwa amekifungua na kukiweka mle ndani. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mayu.

"Umeamini?" nilimnong'oneza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi toka uwaambie."

Hakuinuka. Nje Bundala alikuwa anamwita kwa jina, na wengine wameanza kupiga mlango. Mashimba alishika upindo wa kitenge cha mayu, akajivuta nyuma yake.

"Funga mlango, shemeji," alisema. "Wasinione na macho haya."