Ndoo Isiyo na Nambari

Orville Stensrud alipika bia moja kwa miaka thelathini na moja. Simaanishi chupa moja. Namaanisha bia ileile ya kahawia, ndoo baada ya ndoo, bila kubadilisha hata punje ya kimea, wakati sisi wengine katika klabu yetu ya wapika bia wa mji wa Wausau tulikuwa tunahangaika kila mwezi na jambo jipya. Dwight Novotny aliwahi kututengenezea bia ya matango ya siki. Tuliinywa kwa sababu ni mwenzetu, na sitaki kuizungumzia zaidi ya hapo.

Mimi mwenyewe si mtu wa kurudia. Kwa miaka tisa nilikuwa nimepika bia sitini na nane, hakuna mbili zilizofanana, na ukutani kwangu zinaning'inia medali kumi na moja. Nayasema haya ujue kwamba kazi naijua, na pia ujue kichwa changu kilivyokuwa kikubwa. Siku ya kwanza kuonja bia ya Orville nilijisemea moyoni, bia ya kahawia tu, nani hajaipika? Nikamaliza glasi. Nikarudi kuomba nyingine. Ilinukia biskuti zinazotoka ovenini, halafu ukaja utamu wa kimea, halafu uchungu kidogo mwishoni, wa kukufanya utake kumeza tena. Haikuwa na kitu cha ajabu hata kimoja, na kwa hilo niliionea wivu. Bia ya ajabu unainywa mara moja ukawasimulie watu. Hii ya Orville ulitaka ujue ipo nyumbani, kwenye friji, Jumanne ya kawaida.

Kabla ya kustaafu, Orville alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Alizunguka kwenye mabucha na vituo vya mafuta, na mzani uliokosea hata kidogo aliubandika kibandiko chekundu usitumike tena. Bia nayo aliiendesha hivyohivyo. Kila ndoo ilikuwa na nambari yake katika daftari la jalada la kijani, tarehe, joto na uzito. Klabuni hatukumuuliza habari za afya. Tulimuuliza, "Uko nambari ngapi?"

Februari mwaka jana alibisha mlangoni kwangu, theluji mabegani.

"Pliska," alisema hata kofia hajavua, "binti yangu Karin ananihamisha. Oktoba naenda kukaa kwake Arizona. Macho yamekwisha. Juzi nimemimina maji ya moto kwenye kiatu nikidhani ni sufuria."

"Kiatu kilikuwa na mguu ndani?"

"Kilikuwa na mguu."

Mume wangu, Gus, akamvutia kiti. Orville akakaa, akaweka daftari la kijani mezani na mkono juu yake.

"Niko mia mbili na kumi na mbili," alisema. "Kwa Farenhaiti, hapo ndipo maji yanapochemka. Pazuri pa mtu kuachia. Ila bia sitaki iishie kwangu. Nataka uipike wewe."

"Kwa nini mimi? Mpe Dwight."

"Dwight ataweka matango."

"Na mimi je? Mimi sirudii bia, unanijua."

"Nakujua. Una medali kumi na moja na hakuna hata moja ya hizo bia unayoweza kunipikia tena kesho." Akanitazama, au alitazama palipokuwa na kivuli changu. "Mke wangu Inga aliipenda. Siku anafariki kulikuwa na chupa nne kwenye friji, nilizinywa moja kwa mwaka. Sitaki niende kukaa jangwani nikijua haipo tena duniani. Ni hilo tu."

Mtu akikuambia hivyo utasema nini? Nilisema sawa.

Maelezo yalikuwa nusu ukurasa. Ratili tisa za kimea cheupe. Ratili moja ya kimea chekundu. Robo ratili ya kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kama kahawa. Ratili moja ya oti, zikaushwe ovenini kwenye sinia hadi nyumba nzima inukie. Maua ya hopsi ya kutia uchungu, wakia moja na nusu, yale yanayotambaa ukuta wa kusini wa gereji yake, si mengine. Kimea kilowekwe saa nzima kwenye maji ya digrii mia na hamsini kamili. Hilo neno kamili alilipigia mstari mara mbili.

"Ukiipata nitaipa nambari," alisema akiondoka. "Usipoipata, mtakunywa tu."

Sasa, klabuni kwetu bia haipimwi kwa maneno matamu. Tunaweka vikombe vitatu. Viwili ni bia moja, cha tatu ni nyingine, na mwonjaji hajui kipi ni kipi. Kazi yake ni kumtafuta mgeni. Akimpata, bia hizo ni mbili. Akishindwa, basi hana la kusema, ni bia moja.

Aprili nikampelekea ndoo yangu ya kwanza, nikaipanga na chupa zake za mia mbili na kumi na mbili. Orville hakumaliza hata kumeza.

"Cha kushoto ndiye mgeni. Nzuri. Siyo yenyewe."

"Imekosa nini?"

"Imekonda."

Mei nikabadilisha hamira, nikaomba ileile aliyokuwa akiihifadhi kwenye chupa ya jamu. Imekonda. Juni nikabeba maji ya bomba lake kwa madumu, nikavunjika kiuno, kwa sababu labda ni maji. Imekonda. Julai nikaazima hata sinia la Inga la kukaushia oti, nikijiona mjinga kabisa. Orville alionja, akatabasamu kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko kitu chochote.

"Cha katikati. Imekonda kidogo, Pliska. Lakini ni nzuri. Kwenye mashindano ungeshinda."

"Sitaki kushinda! Nataka uipe nambari!"

Nyumbani nilipiga ndoo teke. Ilikuwa tupu, lakini kidole hakikujua hilo.

"Si uongeze oti tu?" Gus aliuliza. Yeye ndiye aliyekuwa akizimaliza zote nne, na alikuwa amenenepa kwa bia iliyokonda.

"Nikiongeza oti si yake tena! Itakuwa yangu inayofanana na yake!"

"Kuna tofauti gani?"

"Gus, nyamaza unywe."

Niliona aibu, nakwambia kweli. Nina vifaa ambavyo Orville hakuwahi hata kuviota. Nina kipimajoto kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya digrii, natembea nacho mfukoni mwa aproni kama daktari. Na mzee mwenye ndoo kuukuu na sufuria iliyobonyea alikuwa amenishinda mara nne kwa nusu ukurasa.

Mwanzoni mwa Septemba gereji yake ilikuwa imejaa maboksi. Nilimwambia nataka jaribio la mwisho, na safari hii nipike hapohapo, kwa vyombo vyake vyote. Akafurahi. Akaketi kwenye kiti cha kukunja, mgongo ukutani.

"Mimi nitakaa hapa nisikilize."

"Utasikiliza nini?"

"Nitakusikia ukikosea."

Nikapasha maji, nikayamimina kwenye lile sanduku lake la plastiki la kubebea barafu ziwani, ambalo yeye alilowekea kimea kwa kuwa linatunza joto. Nikamwaga kimea, nikakoroga. Akanielekeza palipo kipimajoto chake, kwenye msumari juu ya sinki. Kilikuwa cha kioo, kirefu, kimezeeka na kuwa cha njano. Mama yake alikuwa akipimia maziwa ya jibini kwacho, shambani kwao.

Nikakitumbukiza. Nikaongeza maji ya moto kidogo kidogo mpaka mstari mwekundu ukafika mia na hamsini. Halafu, kwa mazoea tu, nikachomoa na changu mfukoni nikakitia palepale.

Mia na hamsini na sita.

Nikakifuta, nikakirudisha. Mia na hamsini na sita. Nikasogeza kona ya pili, nikakoroga, nikasubiri. Hakikubadilika. Kimea kikilowekwa kwenye joto la chini, hamira inakula karibu sukari yote na bia inatoka nyembamba. Ukipandisha digrii sita, unabaki uzito wake mdomoni, unabaki utamu. Miezi mitano nilikuwa nimetafuta kwenye maji, kwenye hamira, kwenye sinia la marehemu, na siku zote nilikuwa nimeloweka kwa mia na hamsini ya kweli. Orville hajawahi kuigusa mia na hamsini maishani mwake.

"Ngapi?" aliuliza kutoka kitini.

"Mia na hamsini," nikasema. Sikudanganya, nilikisoma chake.

"Kamili?"

"Kamili."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mimi nikageukia sinki nijifanye naosha mwiko.

Kipimajoto nilikichukua kwa kisingizio cha kukisafisha. Nyumbani niliviweka vyote viwili kwenye bakuli la barafu inayoyeyuka, ambayo ni digrii thelathini na mbili hata mfalme akikataa. Changu kilisema thelathini na mbili. Chake, ishirini na sita.

"Mwambie," alisema Gus.

"Nimwambie mtu aliyefungia watu mizani kwa kosa la kijiko?"

"Basi usimwambie."

"Na karatasi yake ibaki na uongo? Atakayeipika baada yangu ahangaike kama mimi?"

"Basi mwambie."

Ndiyo shida ya Gus, anakubaliana na kila upande. Usiku ule sikupata jibu, wala wiki iliyofuata. Bia ikachachuka, ikatulia, nikaitia kwenye chupa. Nikajiambia, kwanza vikombe vitatu. Akimwona mgeni, hakuna haja ya kusema lolote.

Siku tatu kabla ya safari tulikutana jikoni kwake. Makabati yalikuwa tupu, imebaki dawa ya kuoshea vyombo na daftari la kijani. Gus alimimina akiwa ametugeuzia mgongo, akapanga vikombe mezani. Orville akanywa cha kushoto. Akanywa cha katikati, cha kulia. Nikasubiri lile neno.

Akarudia cha kushoto. Akanusa cha kulia, akakiinua hadi dirishani ingawa sijui alikuwa anaona nini. Akarudia cha katikati. Dakika zikapita, na uso ukaanza kumkunjamana.

"Hapana," alisema, na akasukuma vikombe. "Mnanichezea, na mimi si mtoto. Vyote vitatu vimetoka ndoo moja."

"Havikutoka ndoo moja, Orville."

"Vimetoka! Hii ni yangu, hii ni yangu, na hii ni yangu!"

"Cha kulia ni changu," nikasema.

Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu hadi tone la mwisho. Macho yake mabovu yalijaa machozi, na hakujisumbua kuyaficha.

"Lete daftari," alisema. "Nisomee ulivyofanya. Mstari kwa mstari."

Nikamsomea kimea, oti, hopsi. Nikafika kwenye joto nikanyamaza.

"Mia na hamsini," alinisaidia.

Ningeweza kusema ndiyo. Mtu anaondoka, amefurahi, nani ataumia? Lakini alikuwa ametumia maisha yake yote kuhakikisha ratili ni ratili, na mimi nilimheshimu mno kumwachia kosa kwenye ukurasa.

"Mia na hamsini na sita," nikasema. "Kipimajoto cha mama yako kinasoma chini kwa digrii sita. Nimekipima kwenye barafu."

Gus aliangalia viatu vyake.

"Tangu lini?" Orville aliuliza.

"Nadhani tangu ndoo ya kwanza."

"Miaka yote hiyo nakagua mizani ya kaunti nzima." Alisema polepole. "Hicho sikukigusa. Kilikuwa cha mama. Nani anamkagua mama yake?" Kisha, chini kabisa, "Nimekosea mara mia mbili na kumi na mbili."

"Ndiyo," nikasema. "Na hata mara moja hukukosea tofauti. Mimi nina kipimajoto cha kweli, Orville, na sijawahi kupika bia ileile mara mbili. Hebu niambie nani kati yetu ndiye kipimo."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa, kumbe anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Akafungua droo, akapapasa, akatoa kibandiko chekundu cha kazini, cha mwisho huenda, akataka kipimajoto cha mama yake, nikakitoa mkobani nikampa. Akakibandika kwa heshima zote.

"Samahani, mama," alisema. "Sheria ni sheria."

Kisha akachukua kalamu nene, ile wanayoandikia maboksi ya kuhamia. Akauinamia ukurasa mpaka pua ikakaribia kugusa. Akakata mia na hamsini, akaandika juu yake mia na hamsini na sita, akatia sahihi na tarehe kama kazini. Akafunua ukurasa wa mwisho. Pale chini ya 212, kwa tarakimu kubwa zilizopinda, zilizokula mistari mitatu, akaandika 213.

"Jina la mpishi weka mwenyewe," alisema akinisukumia daftari. "Na usije ukaniletea ujinga wa kuanza tena na moja."

Jumanne iliyofuata, Orville akiwa tayari yuko Arizona, nilikausha ratili moja ya oti kwenye sinia la Inga mpaka Gus akaja jikoni kuuliza ni biskuti gani ninaoka. Nikamwambia anipishe, napika ya mia mbili na kumi na nne.