Injini Mbele ya Mama Mkwe

Mkanda ulikuwa umekaa, puli zinazouzungusha zimekaa, mafuta yamejaa, na bado Fundi Resi alikuwa anaizunguka injini akipapasa boliti alizokwisha kuzikaza. Viganja vilimtoka jasho kama vya bwana harusi. Humo humo chumbani, juu ya kigoda, alikuwa ameketi mama mkwe wake, mwenye mashine ya kusaga, anamtazama bila kupepesa.

Mke wa fundi alirudi kwao wiki iliyopita, sufuria yake ya maziwa mkononi, baada ya kukuta pistoni inachemka ndani yake. Resi alipokwenda kuomba radhi alipewa kiti, akapewa maji, kisha mama mkwe akamweleza kwamba injini ya mashine yake imepasuka. Afunge nyingine; mahindi yakisagika, aondoke na mkewe. Yasiposagika, basi achemshe pistoni zake kwa raha, hakuna atakayemsumbua tena.

Injini aliyoipata ilitoka kwenye gari dogo. Ile ya zamani ilikuwa na silinda nyembamba, na pistoni yake ilisafiri mbali, juu hadi chini, bila haraka, kama mtu mnene anayeshuka ngazi. Lakini kila ikishuka ilisukuma kwelikweli, hata mwendo ukiwa mdogo. Hii mpya ilikuwa na silinda pana na safari fupi. Kifua tele, mguu mfupi. Za namna hii nguvu zao zimo mbioni. Zisipokimbia ni mdomo tu. Resi, aliyepata jina lake kwa kutengeneza pikipiki za mashindano, alilijua hilo hata usingizini. Ndiyo maana alifunga puli ndogo kwenye injini na kubwa kwenye kinu, ili injini ikimbie na kinu kizunguke kwa kiasi. Hapo hakukosea.

Tatizo lilikuwa kile kigoda. Tangu aoe, Resi akitaka kukohoa mbele ya mama mkwe hutoka nje kwanza. Leo aifungulie injini ingurume karibu na masikio yake?

Akawasha. Injini ikaitika kwa sauti ya chini, ya adabu, naye akaiacha hapo hapo. Wanawake waliopanga ndoo zao mlangoni wakasogea kutazama. Akamimina mahindi. Kinu kikatafuna kidogo, mkanda ukatetemeka, injini ikakohoa, ikazimika.

Mmoja pale mlangoni akasema labda nayo inaona haya ukweni. Wakacheka chini chini.

Resi akasafisha kinu, akawasha tena, akaongeza mafuta kidogo mno, kama anayetia chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Ikazimika. Mama mkwe akaanza kupapasa sakafuni akitafuta fimbo yake. Akiinuka na kuondoka, ndoa nayo imeondoka.

Ndipo sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya ukuta, alikokuwa akisikiliza tangu asubuhi.

“Mama, hebu toka humo. Hawezi kuifungulia ukiwa umekaa hapo. Nyumbani akijaribu injini hata vikombe vinaruka.”

“Utajuaje kama ni haya, si kwamba kazi haijui?”

“Kazi anaijua. Iulize sufuria yangu.”

Mama mkwe akamgeukia fundi. “Ni kweli, baba?”

Resi akaitazama sakafu. Akasema pistoni ya injini hii haiendi mbali, kwa hiyo lazima iende upesi, tena sana; na ikienda upesi inapiga kelele. “Nami, mama, sijawahi kupaza sauti mbele yako.”

“Baba yenu alikuwa akikoroma mpaka bati linacheza,” akasema mama mkwe, akikaa vizuri zaidi. “Fungua.”

Resi akafumba macho, akafungua. Injini ikapiga ukelele, vumbi likadondoka kutoka kwenye boriti, wanawake wakaziba masikio. Akamimina mahindi. Injini haikuyumba. Unga ukaanza kushuka.

Mama mkwe akaukinga kiganjani, akausugua kwa vidole, taratibu, akasema neno. Resi aliona midomo tu ikicheza. Ndiyo au hapana? Kumwambia mkwe arudie, hathubutu; kuzima injini, hathubutu zaidi. Akaendelea kumimina mahindi.

Mkewe akaingia na mkoba wake. Akampa mumewe aubebe. Ile sufuria ya maziwa aliishika mwenyewe.