Karatasi za Njano

Tangu mgeni yule aingie kliniki, Daktari Mzee hakutulia kitini. Barua ilisema ni mtu wa mpango wa kuboresha huduma, kwamba atapitia mafaili ya wagonjwa wa presha, kisha wakae pamoja watazame pa kurekebisha. Maneno matamu hayo. Miaka thelathini na moja alikuwa akitibu familia za mtaa ule, na hakuwahi kuona mtu akichungulia kabati la mwenzake kwa nia njema.

Na nani aliyemwita? Mpwa wake, daktari wa chumba cha pili.

"Mjomba, kila kliniki inafanya," alisema, huku akimkwepa macho. Kukwepa kule ndiko kulikomkaa mzee rohoni.

Saa saba mgeni alitoka kwenda kula. Mzee akanyata hadi chumba cha mafaili, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mezani palikuwa na mafaili kumi na manne yaliyobandikwa karatasi za njano. Akafunua la kwanza: mwandiko wake. La pili: wake. Yote kumi na manne, mwandiko ule ule ambao karani husema kuku angeandika vizuri zaidi. La mpwa halikuwamo hata moja!

Akaingia chumba cha pili bila hodi.

"Unataka kiti changu, sema! Usinitumie watu."

Mpwa akaweka kalamu chini. "Umeyafungua yale mafaili?"

"Yote."

"Umesoma majina?"

Hakuwa amesoma. Mwandiko ndio aliokuwa akiutafuta. Wakaenda pamoja, na mpwa akamchomolea faili moja. Lilikuwa la dada mkubwa wa mzee, mama mzazi wa mpwa huyo. Kwenye karatasi ya njano paliandikwa: dawa za presha miaka sita, figo hazijapimwa hata mara moja.

"Nilimwambia mama aje kwangu," mpwa akasema kwa sauti ndogo. "Akasema hawezi kumvunjia heshima mdogo wake. Na mimi ningekwambia, ungenisikiliza?"

Mzee akalichukua faili lile, akaenda kumpigia dada yake simu.

Dada alipimwa wiki ile ile. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, lakini walikuwa wamewahi, akabadilishiwa dawa. Wale kumi na watatu waliobaki, mzee aliwapigia simu mwenyewe, mmoja mmoja. "Nilipitiwa," aliwaambia. "Njoo upimwe." Neno hilo lilimkwama kooni mara tatu za kwanza, kisha likazoea njia.

"Lakini dada, kwa nini hukuniambia?" alimuuliza siku alipomfuata nyumbani na majibu.

Dada akacheka mpaka akashika ubavu. "Nikuambie wewe? Tangu utotoni, ukiambiwa umekosea unanuna siku tatu!"

Safari hii alinuna siku moja.